Wanaokubaliana na Mwalimu

Sakafu ilipoanza kupumua, watu walifurahi. Ndiyo, walifurahi! Badala ya kushika watoto wao mkono na kuondoka, walisogeza viti karibu.

Hiyo Sakafu ilikuwa kibaraza kirefu cha zege mwishoni mwa bustani ya umma, pale majani yanapoishia na maji yanapoanzia. Ilijengwa zamani ili watu wa mji wapate mahali pa kusimama na kutazama mawimbi bila kulowa. Upande wa maji ilikuwa na vyuma vya kushikilia, na upande wa bustani ilikutana na majani sawa kwa sawa, unapita tu, huna haja hata ya kuinua mguu. Kati ya majani na zege palikuwa na ufa mwembamba, wa kupitisha kidole. Msimu ule, kila wimbi lilipogonga, ufa ukaanza kutoa upepo wa baridi. Fuuu. Kimya kidogo. Fuuu tena. Siku za joto kali watu walivua viatu, wakaweka nyayo juu ya ufa, wakafumba macho kwa raha. Wakaupa na jina kabisa: kiyoyozi cha bure.

Aliyenufaika kuliko wote ni Birika. Huyu aliuza chai palepale Sakafu, na meza yake, na chupa zake za chai, na viti vyake vya plastiki vilivyopauka kwa jua. Jina alipewa na wateja, kwanza kwa sababu ya kazi yake, pili kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuchemka. Umguse kidogo tu, mvuke huo. Lakini roho yake ilikuwa nyeupe. Kikombe cha nyongeza alikumiminia bila kuombwa, na ukisema asante alikununia kana kwamba umemtukana.

Dada yake ndiye Mwalimu. Si mwalimu wa darasani, wa udereva. Miaka nenda rudi alikaa kiti cha abiria, pembeni ya watu wasiojua kuendesha, mguu wake wa kulia juu ya ile breki ya ziada ambayo mwanafunzi haioni. Kazi hiyo ilimharibu, jamani. Hata sebuleni mtu akibeba sahani vibaya, mguu wa Mwalimu ulikanyaga zulia. Walimcheka. "Chekeni," aliwajibu, "lakini wanafunzi wangu wote wako hai."

Wazazi wao walipofariki, Birika alikuwa bado wa kuogeshwa. Mwalimu ndiye aliyemlea. Alimsuka, alimchapa, alimpeleka shule, na mchumba mmoja aliyeuliza "na huyu mtoto tutamweka wapi?" alionyeshwa mlango kabla hajamaliza soda yake. Hakuwa na mtu mwingine duniani. Kila mtu alilijua hilo, na Birika alilijua kuliko wote, na wakati mwingine lilimchosha.

Basi asubuhi moja Mwalimu alikuwa amekaa pale mezani kwa mdogo wake, anasubiri mwanafunzi wa kwanza. Birika akakoroga chai, kijiko kikamponyoka, kikagonga zege, kikaruka, kikazama ndani ya ufa.

"Basi, kimekwenda," Birika akasema. "Huu ufa unapenda vijiko kuliko mimi."

Mwalimu alikuwa ameinua mkono kumnyamazisha. "Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Kilivyoanguka."

"Dada, kijiko kikianguka, kimeanguka. Kuna namna nyingine?"

"Kimeangukia majini."

"Si tuko ufukweni? Ulitaka kiangukie kwenye uji?"

"Maji yako kule." Mwalimu alinyoosha kidole kuelekea vyuma vya kushikilia, hatua nyingi mbele yao. "Hapa chini ya meza yako panatakiwa pawe na udongo."

Birika akamtazama, akaangua kicheko, akaita wateja wa meza ya jirani wasikie maajabu ya dada mtu, kwamba sasa amehamia kupima vijiko. Wakacheka wote. Mwalimu naye akacheka, kwa adabu tu, lakini chai haikumshuka. Alitazama miguu ya meza. Mmoja, ule wa upande wa maji, ulikuwa umewekewa kijibao chini ili meza isimame sawa. Alikumbuka kijibao hicho. Ambacho hakukikumbuka ni kile cha pili, kilichowekwa juu ya cha kwanza.

"Hiki umeweka lini?"

"Kipi? Aa, hicho. Meza inaleta madaha tu. Imezeeka, kama wewe."

Tangu siku hiyo Mwalimu hakuwa na amani. Alipokwenda pale aliona vitu ambavyo macho yake yalikuwa yakivipita. Aliona majani karibu na ufa yamebonyea, mahali hapa na pale, kama godoro lililolaliwa sana. Aliona maji chini ya vyuma yana rangi ya udongo hata siku ambazo mawimbi yamelala, na rangi hiyo ikielea taratibu kwenda mbali, kila siku, kila siku, udongo wa mtu fulani unakwenda. Na ule upepo. Mwanzoni ulikuwa wa kupoza nyayo. Sasa ulikuwa unapeperusha pindo la sketi ya Birika, na wateja wanashangilia.

Alipiga simu kwenye ofisi ya bustani. Sauti ya upole ikamwambia maoni yake yamepokelewa. Akapiga tena wiki iliyofuata; sauti ileile, upole uleule, na maoni yake yakapokelewa kwa mara ya pili. Ukitaka kumuua mtu wa hasira bila kumgusa, mpokelee maoni yake. Akaenda mwenyewe, akakaa kwenye benchi mpaka mgongo ukamuuma, na ofisa wa bustani, kijana mtaratibu mwenye viatu vinavyong'aa, akamweleza kwamba hakuna haja ya wasiwasi: kutakuwa na mkutano palepale bustanini, wakazi waseme wanataka bustani na ufukwe wao usimamiweje. Kila kitu kitazungumzwa. Viti, taa, mbwa, muziki, wauza vitu.

"Na Sakafu?"

"Mkisema Sakafu, tutaandika Sakafu."

"Na msiposikia wakisema?"

Ofisa alitabasamu. "Mama, sisi tunafuata wakazi."

Jioni ya kabla ya mkutano alikwenda chumbani kwa Birika. Alimkuta anaosha chupa za chai kwenye karai, mikono imejaa povu, redio inaimba peke yake. Chumba kilikuwa kidogo na safi, vikombe vimepangwa kwa rangi, aproni imetundikwa nyuma ya mlango. Mwalimu akakaa kitandani bila kukaribishwa, kama siku zote.

"Kesho nitasema Sakafu ifungwe," akaanza. "Nimekuja kukwambia mapema ili usisikie mbele za watu."

Birika aliendelea kusugua. "Ifungwe kwa muda gani?"

"Mpaka wachimbe waone chini pana nini."

"Na mimi?"

"Utakuja shuleni kwangu. Ofisi inahitaji mtu. Kuna kiti, kuna feni..."

"Hapo!" Birika akaachia chupa ndani ya karai, maji yakamrukia kifuani. "Hapo hapo! Nilijua tu. Miaka yote unatafuta njia ya kuniingiza ofisini kwako, nikae mezani kwako, unione kila ukigeuza shingo. Ukanitishia wezi. Ukanitishia homa ya mapafu kwa upepo wa pale. Sasa umeona haitoshi, unasema dunia yenyewe imetoboka!"

"Sikutishii."

"Dada, wewe unaona ajali kila mahali. Ukipewa mtoto mchanga ushike, unamwona ameshaanguka."

"Njoo basi na meza kwenye majani. Hatua chache tu. Hatua chache, mdogo wangu, nakuomba."

"Kwenye majani hawakai. Wanakuja kwa ajili ya ule upepo."

Ilikuwa kweli, na ndilo lililomtia Mwalimu hofu kuliko yote, kwamba watu walivutwa na kitu kilekile. Alitaka kumwambia mdogo wake kwamba anaota ndoto moja kila mara, yuko garini, anakanyaga breki na mguu unapita mpaka chini. Hakusema. Alisema, "Nikikuzika wewe, mimi nitabaki na nani?"

Birika aligeuka. Uso wake ulilainika, kisha ukakaza tena, maana alikuwa ameyasikia maneno hayo tangu utoto, siku ya kwanza ya shule, siku ya kwanza ya kuogelea, siku alipopata mpenzi mwenye pikipiki. "Kesho," akasema polepole, "utasema yako na mimi nitasema yangu. Watu wataamua. Ukishinda, nahamisha meza. Ukishindwa, unaniacha niishi. Sawa?"

"Sawa," Mwalimu akasema.

Sasa lazima uelewe wakazi wale walivyoamua mambo yao, maana si kama kwingine. Zamani walikuwa wakinyoosha mikono. Lakini siku moja fundi baiskeli alinyoosha miwili, na alipoulizwa akasema wa pili ni wa mke wake aliyebaki nyumbani na tumbo linamsumbua. Ugomvi wake haukuwa wa kitoto, viti viliruka. Kuanzia hapo wakakubaliana: maoni yatolewe kwa miguu. Mwenye hoja anasimama mahali, anasema yake. Anayekubaliana naye anatoka alipo, anakwenda kusimama naye. Asiyekubali anabaki. Na mwenye hoja haruhusiwi kusogea hata kidogo mpaka watu wahesabiwe, kwa sababu aliwahi kutokea mjanja mmoja aliyesema maneno yake kisha akatembea katikati ya umati akadai wote ni wake. Walijivunia sana utaratibu huo. "Hapa kwetu," walimwambia kila mgeni, "maoni yanatembea."

Siku ya mkutano ilikuwa ya mawingu mazito, na maji yalikuwa yamejaa kuliko kawaida. Yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Wimbi lilikuja bila povu, bila haraka, likainuka mpaka karibu na usawa wa Sakafu, likagonga chini huko, na mlio wake ukasikika nyuma, chini ya majani, mahali watu walipokuwa wamesimama. Wachache waligeuka kutazama. Kisha Mwenyekiti wa wakazi, yule mwenye duka la dawa, akapuliza kipaza sauti, kikapiga mluzi wa kutoboa masikio, kikafa, na kila mtu akasahau.

Maoni yakaanza kutembea. Bibi wa mapacha alitaka bembea zitiwe mafuta, maana kelele zake zinamwamsha mpaka marehemu mumewe. Watu wakahamia kwake karibu wote. Kinyozi alitaka muziki wa jioni urudi, wakahamia kwake vijana, na mzee mmoja aliyefuata kivuli cha mti aliosimama chini yake kinyozi. Fundi baiskeli alitaka mbwa wafungwe kamba, mwenye mbwa akataka fundi baiskeli afungwe kamba, wakacheka mpaka Mwenyekiti akapoteza mpangilio. Ofisa wa bustani aliandika, akatabasamu, akaandika. Watu walikuwa wamechangamka. Birika alipita katikati yao na chupa yake ya chai, akimimina, akitaniwa, na Mwalimu alimfuata kwa macho na kushukuru kimoyomoyo kwamba angalau leo wateja wako kwenye majani, basi na yeye yuko kwenye majani.

Zamu yake ilipofika, Mwalimu hakusimama pale wenzake waliposimama. Alipita katikati ya watu, akavuka ufa, akaingia Sakafu peke yake. Aliona hiyo ndiyo njia pekee. Ukitaka kumwonyesha mwanafunzi kwamba tairi limeisha, humwelezi. Unamshusha garini akalione.

Alifungua mtandio wake kichwani, akautandaza juu ya ufa.

"Tazameni," akasema.

Wimbi likagonga. Mtandio ukaruka juu, si kidogo, ukaruka mpaka kifuani kwake, ukatanuka hewani kama nguo iliyovaliwa na mtu asiyeonekana, ukaanguka. Umati ukaguna. Walikuwa wameuhisi upepo ule kwa nyayo. Hakuna aliyekuwa ameuona. Wimbi la pili likaja. Mtandio ukaruka tena, juu zaidi, na safari hii ufa ukatoa sauti, nzito, ya kooni. Mtoto mmoja akaanza kulia.

"Hii hewa inatoka wapi?" Mwalimu akauliza. "Chini ya udongo kuna hewa? Mimi si mhandisi. Labda nimekosea, na nikikosea mtanicheka mpaka nizeeke, ruhusa mnayo. Lakini nikiwa garini nikasikia mlio nisioujua, sisemi labda ni redio. Nasimamisha gari. Halafu ndiyo naangalia. Nawaomba kitu hicho tu. Tusimamishe gari. Tuweke uzio, watu wasikanyage hapa, mpaka tujue tumesimama juu ya nini."

Hakuna aliyecheka. Hata kinyozi alikuwa ameshika kidevu.

"Nina mtu mmoja tu duniani," akaendelea, "na anashinda hapa kutwa nzima, na watoto wenu wanakuja kunywa chai kwake. Nikimpoteza kwa sababu niliona aibu kuonekana mwoga, nitajitazama vipi?"

Mwenyekiti akamwita Birika. Birika akabaki alipokuwa, kwenye majani, chupa ya chai mkononi. "Dada yangu amenilea," akasema. "Simvunjii heshima. Ananipenda mpaka pumzi inanibana. Lakini Sakafu hii imesimama tangu hatujazaliwa, mawimbi makubwa kuliko haya yamekuja na kurudi. Tukifunga kila mahali panapotoa mlio, tutaishi wapi? Mimi naiona siku yangu pale. Nikiamka asubuhi, pale ndipo ninapokuwa mtu." Hapo sauti ikamtoka ndogo. "Ni hayo tu."

Alikuwa amesema vizuri. Kama si ule mtandio, labda angewachukua wote.

"Haya," Mwenyekiti akatangaza. "Wanaokubaliana na Birika wabaki naye kwenye majani. Wanaokubaliana na Mwalimu wahamie kwake."

Kwanza hakuna aliyetikisika. Kisha bibi wa mapacha akashika mapacha wake, mmoja huku mmoja huku, akaanza kutembea. Akavuka ufa. "Mimi hapa, Mwalimu," akasema. Nyuma yake akaja kinyozi, akaja fundi baiskeli na mke wake, tumbo likiwa limepona, wakaja wanaokimbia asubuhi, wakaja akina mama na vigari vya watoto wachanga, magurudumu yakigonga kidogo kwenye ufa na kupita.

Nami nitasema ilivyokuwa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotaka kumsafisha Mwalimu, wanasema alipiga kelele mara moja. Hakupiga. Alifurahi. Furaha ilimpanda kutoka miguuni hadi kooni, tamu, furaha ya mtu aliyechekwa msimu mzima na sasa mji mzima unatembea kuja kwake. Aliwaona wakija akawapokea. Alitupa jicho kwa Birika kule kwenye majani ili aone, ahesabu, ajue dada yake hakuwa kichaa. Alisimama wima pale aliposimama, kama utaratibu ulivyotaka, na watu wakamzunguka, wakampiga mabega, wakajaa mbele yake na nyuma yake mpaka kwenye vyuma.

"Karibianeni kidogo," ofisa wa bustani akasema, ameinua simu. "Jamani, nataka wote mwonekane. Wa nyuma sogeeni, msiogope. Hapo! Safi sana."

Wakakaribiana. Hata Mwenyekiti akahama, akiomba radhi kwamba mwenyekiti hana upande lakini leo dhamiri imemgusa.

Wimbi likaja. Mwalimu alilisikia likigonga, akasubiri upepo. Haukutoka. Alitazama chini, kati ya viatu vya watu, akauona mtandio wake umelala juu ya ufa bila kutikisika, na halafu, taratibu, upande wake mmoja ukaanza kuingia ndani. Ukaingia nusu. Ukaingia wote. Pale palipokuwa pa kupitisha kidole sasa pangepita mkono.

Ndipo akili ikamrudia. Aliwatazama, mmoja mmoja, uso kwa uso, mapacha, vigari, vichwa vya watu mpaka kwenye vyuma. Wote walikuwa wamekubali kwamba mahali pale si pa kusimama watu. Na kwa sababu wamekubali, wote walikuwa wamesimama pale.

"Rudini!" akapiga kelele. "Rudini kwenye majani! Tokeni, tokeni!"

Lakini walikuwa wanapiga makofi. Kinyozi alikuwa anapiga mluzi. Waliomsikia karibu walicheka, "Mwalimu bwana, hata ukishinda unafokea watu?" na waliokuwa nyuma kwenye vyuma hawakusikia lolote. Alianza kuwasukuma. Alimshika bibi wa mapacha begani akamgeuza, akamsukuma, na bibi akasema "He! Taratibu, mama," akakanyaga majani na mapacha wake, ameudhika. Akamsukuma mama mwenye kigari. Akamsukuma fundi. Wa mbele walijikwaa wakaanza kutoka, wakinung'unika. Wa nyuma walidhani nafasi imepatikana kwa ajili ya picha, wakasogea mbele kuijaza.

Na katikati ya watu waliotoka, mmoja alikuwa anakuja.

Birika alikuwa amebaki kwenye majani na wachache sana. Alikuwa amemwona dada yake akilia. Kwa mbali haikuonekana kilio cha nini. Aliona tu yule mwanamke aliyemlea anahangaika mbele za watu, mikono inarushwa, machozi yanatiririka, mtandio hana, nywele wazi, na moyo wake ukamuuma. Alikuja haraka, chupa ya chai bado mkononi, anacheka na kulia pamoja.

"Basi, Dada," alikuwa anasema. "Basi, yaishe. Umeshinda. Nakubaliana na wewe, nahamisha meza, basi usilie."

"Usivuke!"

"Nakuja upande wako, kwani hutaki?"

Akavuka. Mguu wake wa kwanza ulikanyaga zege, akafungua mikono amkumbatie. Mwalimu alisikia kitu kikikatika chini kabisa, mlio mdogo, mkavu. Hakukuwa na muda wa kueleza. Aliweka viganja viwili kifuani kwa mdogo wake, akamsukuma kwa nguvu zote alizokuwa nazo mwilini, kama ambavyo hakuwahi kumsukuma mtu yeyote. Birika akaruka kinyumenyume, akaanguka chali kwenye majani, chupa ikapasuka, chai ya moto ikamwagika mkononi mwake.

Wote walikuwa wameona. Birika akajiinua kwa kiwiko, akamtazama dada yake, na usoni mwake mlikuwa na aibu, na mshangao, na halafu hasira kali, hasira ya mtu aliyekuja kuomba yaishe akatupwa chini mbele ya mji mzima.

"Sawa, Dada," akasema. "Sawa. Sitakusahau kwa hili."

Mwalimu alifungua mdomo amjibu. Majani yakaanza kupanda. Yalipanda taratibu mbele ya macho yake, kwanza yakafika magotini, kisha kiunoni, na ukingo wa udongo mwekundu ukaonekana chini yake, unamwaga maji, na nyuma ya Mwalimu watu wakaanza kupiga mayowe. Juu kule, ukingoni, uso wa mdogo wake ulikuwa bado umekunjamana kwa hasira. Ulikuwa haujaelewa bado. Mwalimu aliutazama jinsi ulivyo, mzima, mkavu, uko kwenye majani, akauangalia mpaka hakuweza kuuona tena.